Kiduara Kisichojazwa

Mimi nina hasira za karibu, na ni afadhali niliseme mapema. Marehemu mama yangu alikuwa akiniambia mimi ni maziwa jikoni, ukigeuka tu nimeshamwagika. Miaka yote ya chaki haikunibadilisha. Nimewahi kumfukuza darasani mtoto aliyepiga chafya, nikidhani ananicheka.

Ninayoyaeleza yalitokea katika shule ya msingi chini ya mlima Hanang, ndani ya mwaka mmoja. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya kiasi kwamba bahasha za ofisini zilikuwa bado na neno Arusha, tunalikata kwa kalamu na kuandika Manyara pembeni. Majina ya watu sitayataja. Atakayefika mwisho ataelewa kwamba katika jambo hili jina si kitu cha kutupatupa.

Kwetu ni Songea. Nilipangiwa kule Hanang nikiwa bado msichana, na mwaka huo nilikuwa nimeshazoea upepo, vumbi na maziwa mgando. Likizo ya Desemba tuliitwa semina Katesh, siku tano. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye tai iliyombana mpaka macho. Alibandika bango kitita ukutani, akaandika neno moja katikati, akalizungushia duara. Tukaambiwa tutaje kila kinachohusiana na neno lile, naye akawa anaandika kila tulichotaja ndani ya kiduara chake na kuvuta mistari. Hii inaitwa ramani ya dhana, akasema. Mtoto anayekariri anabeba maneno tu, hajui lipi linakaa jirani na lipi. Ramani inamlazimisha ajue.

Sheria ilikuwa moja. Juu ya kila mstari lazima kuwe na neno la kuunganisha, na neno hilo liwe kitenzi. Jua hukausha tope, tope huwa chungu, namna hiyo. Nikaropoka kwamba mstari usio na neno ni kamba isiyo na ng'ombe, ukumbi mzima ukacheka. Mwezeshaji akamalizia kwa kusema asiyejua maana haambiwi maana. Nikaliandika kwenye daftari langu na kulipigia mistari miwili. Ningejua!

Januari nikaanza na darasa la saba. Watoto wale walikuwa wamezoea kuimba majibu. Ukiuliza mvua ni nini, darasa zima linajibu kwa sauti moja, kama kwaya, na ukimshika mmoja mmoja hakuna anayejua alichoimba. Wiki mbili za kwanza za ramani zilinitoa jasho. Wiki ya tatu mvulana mmoja akaandika "ng'ombe hukumbuka maji." Nilicheka nikataka kumkosoa, ndipo nikakumbuka nilivyowaona ng'ombe wa bondeni wakati wa kiangazi wakielekea wenyewe kule maji yalikokuwa mwaka jana. Nikampa vema. Nilitembea na furaha ile siku nzima, nikajiona mwalimu kweli.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa. Ilitakiwa ianze Novemba. Januari ikaisha, mahindi yaliyopandwa kwa matumaini yakakauka yakiwa urefu wa kidole. Kila asubuhi mlima ulijifunika wingu zito mpaka unasikia ubaridi mgongoni, na kila ikifika saa nne ulikuwa umeshalivua, bila tone.

Wakati huo nilikuwa naletewa maziwa na mama mmoja Mdatoga, mke wa boma la jirani, mwenye binti katika darasa langu. Kiswahili chake nilikuwa nakicheka moyoni. Alikuwa akisema, "Mwalimu, mwaka huu kile cha juu kimetukataa." Namwambia, "Sema mvua, mama." Anajifunika mdomo kwa shuka, anatabasamu, anasema, "Ndiyo hicho hicho." Nilidhani ameshindwa neno la silabi mbili. Jamani, mwalimu mzima!

Sasa nimlete binti ninayemsimulia. Hakuwa wa mama huyu. Alitoka boma lingine, upande wa chini, alikolelewa na bibi yake. Alikuwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, mrefu, mkimya. Darasa zima hakukuwa na mtu wa kumfikia kwa ramani. Nilipotoa zoezi la MAJI alileta viduara kumi na viwili vilivyochorwa kwa mdomo wa kikombe, vya mviringo kamili. Kila mstari ulikuwa na neno lake, na maneno yenyewe hayakuwa ya kitabuni. Kisima humjua mama. Jua hulamba ziwa. Lakini kiduara kimoja, karibu na katikati, kilikuwa kitupu. Mistari iliingia na kutoka: wingu huzaa kitupu, kitupu hujaza kisima. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika, "Jaza!"

Kesho yake akarudisha vile vile. Nikamwita mbele.

"Unajua kinachokaa hapa?"

"Najua, mwalimu."

"Ni nini?"

"Ni kile kinachoanguka kutoka juu."

"Kinaitwaje?"

Akanyamaza. Nikamchapa fimbo mbili za mkononi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameshanyoosha mkono kabla sijamwambia, na macho yake yalinipita yakawa yanatazama mlima kupitia dirishani.

Wiki iliyofuata tulichora ramani ile ile kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma, kubwa, darasa zima likishiriki. Chumba kilikuwa kipya, kilichojengwa kwa nguvu za wananchi, chokaa bado inanuka, na madirisha bado matundu tu. MVUA niliiandika mimi mwenyewe kwa herufi kubwa. Jumatatu nilipofungua mlango neno lilikuwa halipo. Duara lilikuwepo, safi, mkaa wake haujaguswa, lakini ndani yake pakawa peupe. Nikauliza nani kafuta. Watoto arobaini na kitu wakanitazama, hakuna hata aliyekohoa. Nikaliandika tena. Jumanne halipo. Nikaliandika mara ya tatu nikikandamiza mkaa mpaka ukavunjika, nikafunga mlango kwa kufuli, ufunguo nikalala nao. Jumatano halipo.

Nilisimama peke yangu mbele ya ule ukuta kabla watoto hawajaingia. Wingu la mlima lilikuwa limeshuka mpaka uwanjani, na upepo ulikuwa unaingia tundu hili na kutokea lile, ukinipita masikioni. Nikajua madirisha ni matundu, mtu anaweza kupanda akaingia, hakuna ajabu. Lakini ngozi haisikilizi hoja. Nywele zilinisimama. Nilijiona kama niliyekuja nyumbani kwa watu bila kubisha hodi.

Siku hiyo nikifundisha, nilipofika kwenye neno mvua ulimi wangu ulisita. Nilisema, "baada ya mawingu kujaa, inanyesha... inanyesha..." na watoto wote wakainua vichwa kwa pamoja, wakingoja waone kama nitalitaja. Nikalitaja. Sauti yangu ilitoka kubwa mno, kama ya mlevi. Nikaona aibu, na aibu yangu huwa haichelewi kugeuka hasira.

Februari nikatoa zoezi la USAFIRI. Binti yule akaleta ramani nzuri sana, na kiduara cha NJIA kitupu. Kulikuwa na basi, punda, miguu, daraja, na vyote vilipita kwenye kitu kisichokuwepo. Machi mwanzoni, HALI YA HEWA. Kiduara cha mvua kitupu, na kingine kitupu pale ambapo kila mtoto alikuwa ameandika UKUNGU. Maneno yalikuwa yanamtoka mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa naona hivyo hivyo: mtoto anapoteza maneno. Nikafikiri ni ugonjwa. Nikafikiri amerogwa, Mungu anisamehe, mimi niliyesomea ualimu. Nikafikiri pia kwamba ananidharau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimezipanga ramani zake tatu kwenye benchi nje ya nyumba yangu. Mama wa maziwa akaja, akamimina maziwa kwenye sufuria yangu. Hakujua kusoma, lakini aliinama akazitazama kwa muda.

"Hivi visivyo na kitu ndani ni vya nini?"

"Hivyo ndivyo vinavyonitoa roho," nikasema. "Hapa panatakiwa mvua. Hapa njia. Hapa ukungu. Mtoto mwenye akili hivi, hataki kuandika."

Akaweka kibuyu chini polepole. Akaangalia nyuma yake, kule kwenye maboma, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwalimu, hayo matatu hata mimi sina."

"Huna vipi?"

"Sina mdomoni. Cha kwanza ni baba mkwe wangu. Cha pili ni mdogo wake. Cha tatu ni babu yao."

Ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto wa chekechea. Mwanamke wa kwao akiolewa hataji majina ya wakubwa wa boma alikoolewa. Si majina tu. Hata neno linalofanana nayo hulizunguka. Na majina yao mara nyingi hutokana na vitu: mtu alizaliwa kunanyesha, mwingine alizaliwa mama yake akiwa njiani, mwingine alizaliwa asubuhi ambayo watu hawakuonana kwa ukungu.

"Lakini hiyo ni kwa Kidatoga," nikasema. "Mvua ni Kiswahili. Si jina la mtu."

"Ulimi hauna milango miwili, mwalimu. Ukizoea kusema huku, siku moja utasema kule."

Nilikaa kwenye benchi. Nikakumbuka bibi yangu mwenyewe kule Songea, ambaye maisha yake yote alimwita baba mkwe wake "yule mzee," hata alipokuwa kaburini. Tulikuwa tunamtania kwa hilo. Na mimi, mjukuu wake, nilikuwa nimemchapa mtoto wa watu fimbo mbili kwa jambo lile lile.

Kisha akili ikanifikia. "Mama, huyu hajaolewa. Ni mwanafunzi."

"Ameshapewa watu," akasema. "Anakuja kwetu, kwa shemeji yangu. Likizo ya Juni. Bibi yake anamzoeza ulimi mapema, ili asije akaleta aibu."

Mtihani wa darasa la saba ulikuwa Septemba. Nikatazama vile viduara vitatu. Miezi miwili nilikuwa nadhani ni mtoto anayesahau, kumbe alikuwa ananiandikia kwenye kila ramani kule anakopelekwa, na mimi nikawa namjibu kwa wino mwekundu. Nililia pale pale, mama wa maziwa akanishika bega.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwiraqw wa Endagikot, mtu mpole, mwenye busara ya kutokimbilia mambo. Tukaandika barua kwa mtendaji. Tukajibiwa kwamba suala linashughulikiwa, na nadhani linashughulikiwa mpaka leo. Nikaona nikingoja karatasi Juni itanikuta nimekaa. Nikaenda mwenyewe bondeni.

Baba yake binti alikuwa amehamisha ng'ombe kufuata majani, hivyo neno la pale lilikuwa la bibi. Nilimkuta ameketi mlangoni, gauni lake la ngozi limeng'aa kwa mafuta, bangili za shaba zimemjaa mikononi. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akaitikia kwa kichwa. Kiswahili hakuwa nacho, na mimi Kidatoga sina. Akaitwa mjukuu aje atafsiri. Fikiria jambo hilo. Tulizungumza juu ya maisha ya mtoto, na mtoto mwenyewe amesimama katikati yetu akitubebea maneno, uso hauna kitu.

"Mwambie bibi mtihani ni Septemba. Mwambie angoje mpaka hapo tu. Mwambie una akili kuliko watoto wote niliowafundisha."

Akasema maneno machache. Bibi akajibu marefu.

"Bibi anasema wewe unanifundisha kuunganisha maneno. Yeye ananifundisha maneno ya kuacha. Anasema boma linasimama kwa yale yasiyosemwa, na kwamba hata kwenu lazima yapo."

"Umemwambia hilo la akili?"

"Hapana, mwalimu. Siwezi kujisifia mwenyewe."

Maziwa yangu yakaanza kupanda jikoni. Nikauliza kwa ukali, "Na akitaja je? Akitaja, itakuwaje?"

Akatafsiri. Bibi akacheka, meno machache, si kicheko kibaya. Akasema sentensi moja.

"Anasema mwanamke anayetaja hakuna boma litakalompokea."

Tukatazamana, mimi na binti. Naapa sikusema kitu. Lakini upepo ulikuwa umetulia ghafla, na ng'ombe mmoja aliyebaki zizini aliacha kutafuna.

Wiki ya mwisho ya Machi tukapata taarifa kwamba mkaguzi anakuja, na kwamba anataka kuona hizo ramani zilizosifiwa semina. Nilijua nitamsimamisha nani. Nimejiuliza mara nyingi kama nilimchagua kwa sababu ndiye bora, au kwa sababu ya sentensi ya bibi, au kwa sababu ya kiburi changu mbele ya mkaguzi. Nadhani ni vyote, na cha mwisho hakikuwa kidogo.

Asubuhi ile nilimkuta amesimama nje ya darasa, kwenye ukungu, kabla ya wenzake.

"Leo utajaza?" nikamwuliza. Sikuuliza kwa ukali. Mara ya kwanza.

"Nikijaza watasikia." Alimaanisha binti wa mama wa maziwa, ambaye dawati lake lilikuwa la pili kutoka mbele. Jambo la darasani saa nne, bomani lingefika saa nane.

"Najua," nikasema.

Akafikiri. Kisha akasema, "Basi uniite jina langu kwanza. Lote. Kisha nitasema."

Sikuelewa kwa nini. Nikamwahidi.

Mkaguzi akakaa nyuma, chini ya ile ramani ya mkaa yenye shimo katikati. Nikamwita binti kwa jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake. Akaja mbele. Akachora ubaoni ramani ya MAJI, viduara kumi na viwili, na safari hii hakuwa na kikombe lakini vilitoka mviringo. Alipomaliza vyote, akarudi kwenye kile kimoja. Akaandika MVUA. Kwa pembeni akaongeza viwili ambavyo sikuvitarajia: akaandika NJIA, akaandika UKUNGU, akaviunganisha. Kisha akageuka akaanza kusoma kwa sauti.

"Ukungu huficha njia. Njia hungoja mvua. Mvua hujaza kisima. Kisima humjua mama."

Binti wa mama wa maziwa akasimama bila ruhusa, akakusanya madaftari yake, akatoka nje, na tukasikia hatua zake zikivuka uwanja mpaka zikapotea. Mkaguzi akapiga makofi. Aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba ufundishaji wa maana umeonekana. Yule mwandikaji wa maana hakujua maana hata moja, na siku hiyo mimi na yeye tulikuwa sawa tu.

Watu wale hawakungoja Juni. Siku tatu tu, mama wa maziwa akanipa habari akiwa amesimama mbali kidogo na benchi langu: wamekataa. Mtoto anayetaja wakubwa mbele ya watu hawamtaki. Ndani ya wiki hiyo mvua ikanyesha, ya mawe, usiku na mchana, ikaondoa na udongo wa mashamba. Watu walisema yao. Mwalimu mkuu akanipongeza, walimu wenzangu wakaniita shujaa, na semina iliyofuata yule kijana wa tai akanitolea mfano. Nilitabasamu. Niliona nimeshinda.

Aprili nikaanza kuona kitu. Binti yule, ambaye hapo awali alikuwa anachelewa kama watoto wote wa mbali, sasa alikuwa wa kwanza kila siku. Alikuja kukiwa na homa, midomo imepasuka. Alikuja siku ambayo korongo lilijaa na hakuna mtoto mwingine wa bondeni aliyevuka. Wakati wa mahudhurio alikaa wima, ananitazama mdomo. Nikimwita anajibu, "Nipo," kisha mabega yake yanashuka, na baada ya hapo siku nzima hana haraka na chochote. Siku moja nilichelewa nikaruka mahudhurio, nikaanza hesabu moja kwa moja. Yeye akasimama. Nikamwambia kaa. Hakukaa. Dakika kumi nzima alisimama mpaka nikachukua daftari la mahudhurio nikaanza kuita, na alipofikiwa akasema, "Nipo," akakaa.

Mei tulifanya ramani ya FAMILIA. Ya kwake ilikuwa kama zote zake, maneno yametulia mahali pake. Baba hufuata majani. Bibi hulinda mlango. Shangazi huchunga moto. Na katikati kabisa, pale ambapo mistari yote ilikutana, kulikuwa na kiduara kitupu.

Nilishika kalamu nyekundu muda mrefu. Kisha nikaiweka chini nikamwita.

"Hapa ni wewe," nikasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini huna jina?"

"Nyumbani sina tena. Tangu ile siku hawaniiti. Bibi akitaka maji anaiambia hewa kwamba maji yameisha, na mimi naenda. Chakula changu kinawekwa, lakini hakuna anayesema ni cha nani." Alisema bila kulalamika. "Kwa hiyo huwa naitwa hapa tu."

Sijui kama hiyo ni mila. Mama wa maziwa aliniambia hajawahi kusikia, ni uchungu wa bibi yule tu. Ninachojua ni kwamba nilisikia baridi kuanzia nyayoni. Mtoto mmoja alikuwa anatembea kilomita sita kila asubuhi, kwenda na kurudi kumi na mbili, aje asikie neno moja kutoka kwangu, na mimi kuna siku nilikuwa nalisoma harakaharaka nikiwahi chai.

"Si ujaze wewe mwenyewe?" nikamwambia. Sikuwa na jingine.

"Mtu hajiiti mwenyewe, mwalimu."

Kuanzia siku hiyo nilimwita kama mtu anayebeba yai. Jina la kwake, la baba yake, la babu yake. Nilimwita asubuhi, nikamwita saa nane kabla ya kufunga. Nilikwenda tena kwa bibi mara mbili kuomba radhi. Mara zote mbili alinikaribisha vizuri, akanipa maziwa, akazungumza nami kupitia kwa mtoto mwingine, na hakuna wakati alipotazama upande aliosimama mjukuu wake.

Septemba akafanya mtihani. Siku ya pili, walipomaliza karatasi ya mwisho, watoto walikimbia uwanjani wakirusha madaftari. Yeye akabaki darasani.

"Kesho utaniita?"

"Kesho hakuna shule, mama. Mmemaliza."

Akatikisa kichwa kwamba ameelewa, lakini hakuondoka. Nikachukua daftari la mahudhurio, nikafungua ukurasa ule ule wa siku ile ambao tulikuwa tumeshauita asubuhi, nikamwita tena. "Nipo," akasema. Akatoka. Pale ukutani ile ramani ya mkaa ilikuwa bado, na kiduara chake kitupu, kwa sababu sikuwahi kulirudisha lile neno.

Alifaulu. Akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha uuguzi. Mimi nilihamishiwa Mbulu, Nambis, na huko ndiko nilikostaafu. Simu za mkononi zilipotapakaa, nikaanza kupigiwa. Mara moja kwa mwaka, pengine mbili, namba nisiyoijua, saa mbili kamili asubuhi, saa ya mahudhurio. Sauti inasema, "Shikamoo mwalimu." Naitikia marahaba. Inasema, "Niite." Namwita, majina yote matatu, nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Anasema, "Nipo, mwalimu," na simu inakatika. Hospitali anakofanya kazi, aliwahi kuniambia, wote wanamwita Sista.

Watu huniuliza kama nilimwokoa. Mwaka ule ningejibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Siku hizi nasema sijui, na nasema kweli. Nilikuwa nafundisha kwamba kila kitu kiunganishwe, na mimi mwenyewe nikakata mstari mmoja ambao sijaweza kuuvuta tena.

Mwaka jana alipiga saa isiyo ya kawaida. Hakusema shikamoo.

"Mwalimu, bibi amefariki jana."

Nikampa pole. Nikauliza, kwa sababu nisingeweza kutouliza, "Je, alikutaja?"

"Hapana." Nilisikia upepo kwenye simu, ule upepo wa Hanang, naujua popote. Alikuwa amesimama nje, bondeni. "Nilikuwa nimezoea kwamba kuna mtu ananyamaza kwa ajili yangu, mwalimu. Sasa hata wa kutonitaja hayupo."

Nikasimama, simu sikioni.

"Niite," akasema.

Nikamwita.